Mwongozo kwa Rubani Mwanafunzi Anayedhani Anakwenda Isiolo Peke Yake

Kabla ya yote, chukua rula. Weka ncha moja penye uwanja wa Wilson, Nairobi, nyingine penye Isiolo, kisha vuta mstari kwenye ramani ya anga. Utapata kilomita kama 200, mwendo mfupi, na utajisifu moyoni. Sasa angalia mstari wenyewe umepita wapi. Umekwea Mlima Kenya, kilomita chache tu kutoka kileleni. Mwalimu wako alilijua hilo tangu jana, ila ameamua kunyamaza anywe chai yake huku akikutazama. Mlima una futi 17,057. Cessna 152 uliyokabidhiwa, ambayo kiwanda kiliacha kuiunda mwaka 1985, huishiwa na pumzi kabla ya kufika futi 15,000. Futa mstari.

Zimebaki njia mbili: mashariki ya mlima kupitia Embu na Meru, au magharibi kupitia Nyeri na Nanyuki. Wengi huchagua Nanyuki, kwa sababu anayetafuta leseni ya rubani binafsi hudaiwa safari isiyopungua kilomita 270, yenye kutua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti, akiwa hana mwenzake ndani ya ndege. Sheria imekaa sawa kabisa. Ndani ya ndege hutakuwa na mtu. Kuhusu nje ya ndege sheria haikugusia, na huko ndiko utakakomalizia mchana wako.

Karatasi yako ya safari ina safu ya mwelekeo, ya upepo, ya kasi, ya mafuta na ya dakika. Haina safu ya mama mwenye maziwa ya ngamia. Iongeze kwa penseli. Wapo wanafunzi wanaokokotoa upepo hadi digrii ya mwisho, kisha wakapoteza saa nzima kwa kuwa mtu aliwaambia “karibu chai” na hawakuwa na fomula ya kukataa.

Mtu wa kwanza utakayekutana naye humwoni. Ni sauti redioni unapokaribia Nanyuki, maana pale pana kambi ya jeshi la anga ya Laikipia, na wenyewe hawapendi wageni wasiopiga hodi. Sauti hiyo ni ya mtu aliyekuzidi umri, cheo na subira. Malezi yako yatakusukuma umwamkie. Usimwamkie. Sema wewe ni nani, uko wapi, uko futi ngapi na unataka nini, kisha nyamaza. Ni mahali pa nadra nchini ambapo kijana anaruhusiwa kuongea na mkubwa bila shikamoo wala habari za nyumbani, na wengi huduwaa kwa uhuru huo hadi wakasahau jina la ndege yao.

Hapo hapo unavuka Ikweta. Chini yako, kando ya barabara, watalii wanaonyeshwa maji yakizunguka kwenye karai upande huu na upande ule, kisha wanauziwa cheti. Wewe unavuka bila karai wala cheti, na bila mtu wa kukupigia picha. Piga picha mwenyewe ukishatua. Ukipiga ukiwa angani mwalimu ataiona kwenye simu yako na atataka kujua nani alikuwa ameshika usukani.

Kutoka Nanyuki ni kilomita kama 70. Mashamba ya ngano ya Timau yanaisha ghafla, barabara ya A2 inateremka, majani yanakuwa miiba, na joto linapanda kukulaki. Uwanja wa Isiolo uko futi kama 3,500 juu ya bahari, lakini mchana wa digrii 30 hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba mabawa yanahisi kana kwamba yapo futi 6,000. Ndege itataka kuelea, nawe utataka itue. Njia ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.4, na kwa Cessna 152 huo ni urefu wa kutua, kujuta, na kutua tena.

Ukisimama na kuzima injini, jitazame hadhi yako. Uwanja huu ulizinduliwa mwaka 2017 na Rais Uhuru Kenyatta, ukapewa hadhi ya kimataifa, na jengo lake likajengwa kwa abiria 125,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365. Ni abiria 342 kila siku, pamoja na kipande cha mwingine. Ukifika siku tulivu, wewe ndiwe hao wote. Funga kifungo cha juu. Tembea taratibu. Taifa liliweka mabilioni ili wewe ufike hapa, na angalau usionekane unatafuta choo.

Ukiulizwa umetua wapi, jibu ni “Isiolo” au “uwanjani”. Usiongeze neno. Uwanja umekalia mpaka wa kaunti mbili, Isiolo na Meru, na ugomvi wa mpaka huo una wazee, ramani na mawakili. Mwanafunzi wa saa 30 za kuruka si shahidi anayefaa. Vilevile, ukikuta safu ya akina mama wamevaa leso zinazofanana na vijana wenye fulana za chama, hawakukusubiri wewe. Usipunge mkono. Mheshimiwa anakuja na helikopta, na ukipokea nyimbo zake utatakiwa pia upokee maombi ya karo.

Sasa, onyo ambalo halimo kwenye vitabu vya urubani. Usidhani ndege yako itamshangaza mtu. Mwaka 1933 na 1934 Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, walizunguka kaskazini mwa Kenya na ndege mbili za Sikorsky zenye uwezo wa kutua majini, moja imepakwa milia ya punda, nyingine madoa ya twiga. Tangu hapo zimepita ndege za jeshi, za misaada, za watalii wa Samburu, na mwaka 2020 za kunyunyizia nzige dawa. Cessna nyeupe yenye kutu kidogo haiwezi kushindana na hayo. Tena Isiolo ni mji wa usafiri kuliko Wilson yenyewe. Kabla lami haijafika Moyale, katika muongo uliopita, malori yaliyokwenda kule yalihitaji siku kadhaa, dereva, utingo na dua. Kila mtu mzima hapa amewahi kusafirisha kitu: ng’ombe, ngamia, maziwa, miraa, mahindi ya misaada, harusi nzima. Wanapoikodolea macho ndege yako hawaoni maajabu. Wanapiga hesabu.

Wa kwanza kuipiga ni kijana wa bodaboda. Atakuja mwenyewe, hahitaji kuitwa, ataegesha Boxer yake penye kivuli na kukuita “kamanda”. Kukutana naye hakuepukiki kwa kuwa lazima ufike mjini kula, na kwa kuwa yeye ameshaamua utafika. Wakati huo utakuwa unakagua mafuta: unachomoa kidogo kutoka chini ya tangi kwenye kikombe cha plastiki, unakiinua juani, unatafuta maji. Atakipokea mkononi mwako.

“Mbona ni ya bluu?”

Mweleze kwamba petroli ya ndege hutiwa rangi ili isichanganywe na nyingine. Ataipeleka puani, afumbe macho, anuse tena.

“Hii ina risasi, kamanda. Si risasi iliondolewa kitambo?”

Ni kweli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi ya magari mwanzoni mwa 2006, na yako bado inayo. Hapo usibishane. Umekutana na mtu aliyefungua kabureta nyingi kuliko ulizowahi kuziona, tena nyingine gizani, kandokando ya barabara ya Garba Tula, kwa tochi ya simu. Atazunguka mbele, ainame, achungulie kwenye tundu la injini, ahesabu silinda kwa kidole. Nne. Atauliza kwa nini kila silinda ina plagi mbili. Utasema ni kwa sababu kuna magneto mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee. Atanyamaza kidogo akilipima jambo hilo.

“Na propela ni moja?”

“Ni moja.”

“Na rubani ni mmoja.”

“Ndiyo.”

“Basi hizo plagi mmezinunua bure.”

Mwandishi wa mwongozo huu hana jibu la kukupa. Panda pikipiki.

Mjini, kabla hujala pasta na ndizi au anjera na nyirinyiri, utapitishwa kwa mama wa maziwa ya ngamia. Utapitishwa tu, bodaboda ana jamaa yake. Wanawake wa Isiolo wamejenga biashara kubwa kwa maziwa haya: yanatoka kwa wafugaji alfajiri, yanapimwa, yanatiwa kwenye majerikeni na kupandishwa basi kwenda Eastleigh. Atakumiminia kikombe chenye harufu ya moshi, maana vyombo hufukizwa kwa kuni maalumu ili maziwa yadumu. Atakuita mwanangu. Kisha ataanza.

“Hiyo ndege yako inafika Nairobi baada ya muda gani?”

“Saa moja na robo hivi, mama. Na nusu mlima ukikataa.”

Macho yatamng’aa, kwa sababu basi huchukua saa tano ikiwa Mungu amependa. “Inabeba majerikeni mangapi?”

Fanya hesabu kwa uaminifu. Sehemu ya mizigo nyuma ya viti inaruhusu kilo 54. Jerikeni la lita 20 lina kilo 20 na ushei. Ni mawili.

“Mawili tu?”

Mawili tu. Ng’aro ile itazimika mara moja, na atakuongezea maziwa kwa huruma. Na hapa naomba usikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote: kikombe cha pili usikinywe. Maziwa ya ngamia ni dawa nzuri, kila mtu atakuambia, na kwa tumbo lisiloyazoea hufanya kazi ya kusafisha, haraka, bila kutoa taarifa. Cessna 152 haina choo. Haina hata nafasi ya kunyoosha miguu. Katika somo la dharura utafundishwa moto wa injini, redio kufa, na kupotea njia; hili utalisoma kwenye mwongozo huu peke yake. Sema, “Mama, nimeshiba, Mungu akubariki,” weka kiganja juu ya kikombe, na usiondoe kiganja.

Mzee wa miraa anakuja baadaye, nawe umeshalegea. Mzee huyu hana haraka. Atakusalimia vizuri, aulize wazazi, aulize masomo, asifu urubani kama kazi ya watu wenye akili timamu. Kifurushi kitakuwa chini ya kiti chake, kimefungwa kwa majani ya mgomba.

“Kijana wangu, ni kidogo tu. Ni cha shemeji yangu pale Nairobi.”

Mweleze kwamba rubani mwanafunzi haruhusiwi kubeba abiria.

“Miraa si abiria.”

Mweleze kwamba haruhusiwi kuruka kwa malipo.

“Nani amesema nitakulipa?”

Umeona? Kwa hatua mbili ameipitia sheria yote ya anga bila kuigusa popote. Na anajua soko lake kuliko unavyoijua ramani yako. Atakutajia mwaka 2014, Uingereza ilipopiga miraa marufuku. Atakutajia Machi 2020, Somalia ilipofunga mlango na ndege za mzigo pale Wilson zikakosa kazi, na Julai 2022 ulipofunguliwa tena. Atakukumbusha kwamba zao hili halingoji, siku mbili zikipita limekuwa kuni, ndiyo maana magari ya Maua hukimbia vile. Atakuuliza, kwa upole unaouma, uwanja huu ulijengwa kwa ajili ya nani kama si kwa mzigo wa Meru. Usijaribu kujibu kwa hoja. Katika nchi hii hoja hushindwa, ila bosi hashindwi. Sema, “Mzee, mwalimu wangu hajaidhinisha.” Ataelewa papo hapo, atakupa pole, na hatakulaumu tena.

Atakuuliza tu unaondoka saa ngapi. Hapo pana mtego. Una saa tatu kichwani. Kwa mzee unaondoka saa sita mchana. Kwa simu yako ni 12:00. Kwa redio na mpango wa safari uliowasilishwa ni 09:00, kwa sababu anga hutumia saa ya dunia nzima, ambayo iko nyuma yetu kwa tatu. Ukichanganya ya mzee na ya redio, utakuwa umeahidi kufika Nairobi kabla ya kuondoka Isiolo, na hilo hata ndege za kijeshi hazijaliweza.

Saa hizi si mzaha mtupu. Ukifika mahali, mpango wako wa safari lazima ufungwe, na kama hakuna wa kukufungia redioni unapiga simu. Usipoonekana, dakika 30 baada ya muda uliotaja watu wanaanza kukuulizia kiwanja hadi kiwanja, na wasipopata jibu zoezi linapanda ngazi hadi la kutafuta na kuokoa. Wakati huo wewe uko Bulla Pesa, unaonyeshwa mtoto mchanga wa bodaboda. Piga simu kwanza, halafu mbebe mtoto.

Kuna pia rubani mzee. Kila uwanja wa kaskazini una wake: ngozi imeungua, suruali fupi, au kanzu na miwani ya jua, maelfu ya saa angani, na muda mwingi wa kukueleza. Msikilize yote atakayosema kuhusu mawingu. Usisikilize lolote atakalosema kuhusu sheria. Atakuambia kilele cha mlima huwa wazi alfajiri, kwamba kufikia adhuhuri mawingu yameshajikusanya mabegani mwake na kwenye Aberdare, na kwamba anayekunywa chai ndefu Isiolo hulala Isiolo. Hilo ni kweli tupu. Kisha atakuambia alivyowahi kupenya katikati ya mawingu hayo kwa kufuata saa ya mkononi. Hapo jifanye simu yako imeita.

Ukimkuta mtu kama huyo, usimdharau lakini. Urubani wa nchi hii umejengwa kwa bahati za njiani. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, anasimulia katika kitabu chake cha 1942 jinsi alivyokuwa juu ya farasi akamkuta Tom Campbell Black kando ya barabara, gari limemgomea. Maongezi yakawa ya ndege. Baadaye Black ndiye aliyemfundisha kuruka, na mwaka 1936 Beryl akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, ndege ikaishia pua chini kwenye kinamasi cha Nova Scotia. Kwa maneno mengine, gari bovu limetoa marubani wazuri kuliko vyuo kadhaa.

Wa mwisho ni msichana wa shule kwenye uzio, hijabu nyeupe, daftari kifuani, umri wa miaka 14 hivi. Usimpe hotuba ya ndoto. Hajaomba. Ana maswali.

“Injini ikizima, inaanguka?”

Hapana, inateleza. Ukiwa futi 5,000 juu ya ardhi unaweza kuteleza kilomita kama 13 ukitafuta mahali pa kutua.

“Kutoka hapa hadi Ngare Mara?”

Karibu hivyo.

“Sasa mbona ulikuwa unatetemeka uliposhuka?”

Mwambie ni baridi ya huko juu. Hataamini. Atauliza miaka inayohitajika kupata leseni ya rubani binafsi, utamwambia 17, naye ataandika 17 kwenye jalada la daftari na kuchora mstari chini yake, kisha ataondoka bila kuomba picha.

Ruka kabla ya mawingu. Pima ndege upya, ukijumlisha nyirinyiri uliyofungiwa kwenye karatasi, kwa kuwa kukataa chakula cha njiani hakukuwa miongoni mwa mambo uliyofanikiwa leo. Chungulia chini ya kiti cha kulia. Chungulia na nyuma ya viti. Kama kuna majani ya mgomba, mzee amekuwa mwepesi kuliko ulivyodhani.

Jioni, Wilson, mwalimu atauliza safari ilikuwaje. Sema upepo ulikuwa wa kusini-mashariki. Daftari la saa lina nafasi ya maelezo yenye upana wa vidole viwili. Andika vituo na muda, basi. Halafu simu itaita, namba usiyoijua. Pokea. Ni kamanda wa Boxer, anataka kujua kama mkizibadilisha zile plagi anaweza kupata za zamani, mbili tu, ajaribu kwenye pikipiki. Mwambie haziingii. Za ndege zina uzi wa milimita 18.